Somo la mwezi: Ujumbe unaoruka kwenye ekrani bila kuitwa, na namna ya kulinda ordinatere ya koperative



Kawaida katika kurasa hizi tunazungumuza juu ya kakao, kahawa, muhogo na udongo. Mwezi huu tunafungua somo lingine, kwa sababu ninyi wenyewe mumelileta. Huku Mbau, na vilevile Oicha na Mavivi, koperative nyingi sasa ziko na ordinatere. Mara nyingi hailali kwenye biro. Inalala nyumbani kwa sekretere, kwa sababu kule kuna mulango wenye kufuli na umeme wa jua. Muchana inaandika kilo za kakao. Mangaribi watoto wanaangalia filme. Na kila mara tunapopita kuangalia hesabu, swali ni lile lile: «Bwana Agronome, hii mambo inarukaka ku ekrani, tuifanye nini?»

Kisha somo hili mutajua mambo tatu: ujumbe huo unatoka wapi, mukono ufanye nini pale unapotokea, na namna gani koperative inaweza kufunga milango ya ordinatere yake hata bila fundi na bila mega nyingi.

1. JUU YA NINI HILI NI JAMBO LA KOPERATIVE?

Tuangalie kwanza kitu gani kiko ndani ya ordinatere hiyo. Kuna liste ya memba na namba zao za simu. Kuna kilo ambazo kila mutu alileta kwenye depo, na feza anazodai. Kwa wengine kuna barua za munuzi na namba ya konti ya benki.

Tena kuna jambo jipya. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115, inayokataza kakao na kahawa zilizolimwa fasi ambapo musitu ulikatwa kisha tarehe 31 mwezi wa 12, 2020, inaomba kila shamba lijulikane kwa pointi zake za GPS. Shamba lenye kupita hektare 4 linaombwa mupaka wote. Lenye hektare 4 au chini, pointi moja inatosha. Siku ya kuanza kuifuata imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wengi hawakungojea: pointi zimeanza kupimwa, na zinaandikwa ndani ya ordinatere.

Sasa tuunganishe hayo yote: jina, namba ya simu, fasi ya shamba, na feza ambazo mwenye shamba atapokea. Mwaka 2024 bei ya kakao kwenye soko la dunia ilipita dola 10 000 kwa tone moja. Na sisi tuko katika Territoire ya Beni, ambako tangu mwezi wa 10, 2014 familia nyingi zimepoteza watu, na wengine wameacha mashamba yao. Hakuna haja ya kueleza sana. Liste inayosema nani anakaa wapi na atalipwa ngapi haipaswi kufika kwa mutu asiyehusika. Kwa hiyo, ujumbe unaoruka kwenye ekrani si jambo la sekretere peke yake. Ni mutu anayepiga hodi kwenye mulango wa nyumba ambamo mali ya memba wote imewekwa.

2. UJUMBE HUU UNATOKA WAPI?

Mwanzo wake ulikuwa biashara tu. Katika miaka ya 1990, Mumarekani mumoja, Ethan Zuckerman, alikuwa anafanya kazi kwa kampuni ya Tripod. Kampuni moja ya motokari haikufurahi kuona tangazo lake limewekwa juu ya ukurasa wa mambo ya aibu. Zuckerman akaandika kode inayofungua tangazo kwenye dirisha lake pembeni, ili lisishikamane na ukurasa. Wengine wakaiga, na dirisha moja likawa madirisha mia. Mwaka 2014 Zuckerman mwenyewe aliandika kwenye gazeti la The Atlantic akaomba musamaha.

Leo ujumbe huo uko wa namna tatu. Ni muzuri kuzitofautisha, kwa sababu dawa zao hazifanani.

Namna ya kwanza: notifikasyo. Ni kisanduku kidogo kinachotokea kwenye pembe ya ekrani, hata wakati hamuko kwenye intaneti kutafuta kitu. Kinasema: «Ordinatere yako iko na virusi 5», au «Umeshinda simu», ao kinaonyesha picha ya muwanamuke. Huu mara nyingi si ugonjwa. Siku moja mutu alikuwa anatafuta filme ao mechi, ukurasa ukauliza swali lenye neno «Autoriser», naye akabonyeza ili aendelee. Tangu siku hiyo ukurasa ule uko na ruhusa ya kutuma matangazo wakati wowote, na kila tangazo linakula mega yenu.

Namna ya pili: programu iliyoingia pamoja na nyingine. Mulitafuta programu ya bure ya kufungua PDF, na ndani yake kulikuwa nyingine ya «kusafisha ordinatere». Hii iko ndani ya nyumba kabisa. Inabadilisha ukurasa wa mwanzo, inafungua madirisha, na mara zingine inaangalia mambo munayoandika.

Namna ya tatu: king'ora cha uongo. Ekrani nzima inajaa maandishi mekundu, sauti inalia, na kuna namba ya simu: «Usizime ordinatere! Piga simu sasa kwa Microsoft!» Ukipiga, mutu mwenye sauti ya upole atakuomba uweke programu ya kumuruhusu aingie kutoka mbali «akusaidie». Microsoft yenyewe imesema wazi: ujumbe wake wa kosa ao wa hatari hauna namba ya simu hata siku moja. Kwa hiyo, mukiona namba ya simu, mumekwisha kupata jibu: ni uongo.

Namna zote tatu zinafanana kwa jambo moja. Zinahitaji mukono wenu. Ujumbe wenyewe peke yake mara nyingi haujafanya kitu bado. Unangojea mutu abonyeze, apige simu, ao aandike neno la siri. Ndiyo maana unakuja na haraka na kuogopesha: unataka mukono utangulie mbele ya akili.

3. UJUMBE UKITOKEA: HATUA TANO

Tunaomba hatua hizi ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa karibu na ordinatere.

Hatua ya 1. Ondoa mukono. Usibonyeze «OK», wala «Non», wala «Annuler», wala alama ya X iliyo ndani ya ile picha. Kwa ujumbe wa uongo, X ile inaweza kuwa mulango wenyewe uliopakwa rangi ya kufuli.

Hatua ya 2. Kata intaneti. Zima modemu, ao zima intaneti ya simu munayotumia. Hapo yule wa mbali hawezi tena kuongeza kitu.

Hatua ya 3. Funga dirisha kwa klavie, si kwa picha. Kama ekrani nzima imejaa, shika kitufe cha Esc kwa muda kidogo. Kisha bonyeza Alt na F4 pamoja. Kama inakataa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, chagua Chrome ao Firefox kwenye liste, kisha «Fin de tâche».

Hatua ya 4. Kama yote imekataa, shika kitufe cha kuwashia mupaka ordinatere izimike. Munaweza kupoteza kazi ambayo haikuwekwa, lakini kilo mutaziandika tena kutoka kwenye kaye. Pale munapoiwasha, programu ya intaneti inaweza kuuliza kama irudishe kurasa zilizokuwa wazi («Restaurer»). Musikubali.

Hatua ya 5. Andika kwenye kaye: siku, saa, maneno ya ujumbe, na kazi iliyokuwa inafanywa. Ukiweza, piga picha ya ekrani kwa simu. Shambani, majani yakianza kukauka, tunauliza kwanza: «Ilianza siku gani? Wakati huo mulifanya nini?» Hapa pia swali hilo ndilo linaonyesha mulango uliobaki wazi.

4. KUTAFUTA MULANGO NA KUUFUNGA

Kufunga dirisha ni sawa na kuchuma kabose moja iliyooza na kuacha zingine kwenye muti. Lazima kutafuta fasi ujumbe ulikopitia.

Notifikasyo. Kwa Chrome: bonyeza zile pointi tatu za juu upande wa kuume, kisha «Paramètres», kisha «Confidentialité et sécurité», kisha «Paramètres des sites», kisha «Notifications». Mutaona majina ya kurasa zilizopewa ruhusa. Ondoa kila jina musilolijua. Palepale munaweza kuchagua kwamba hakuna ukurasa utakaouliza tena. Kwa Firefox: «Paramètres», «Vie privée et sécurité», kisha shuka mupaka «Permissions». Fanyeni vilevile kwenye simu zenu. Wengi watashangaa kuona matangazo yamekwisha siku hiyo hiyo.

Programu isiyoitwa. Fungua «Paramètres» za Windows, kisha «Applications». Panga liste kwa tarehe ya kuwekwa. Linganisha na tarehe iliyo kwenye kaye: kitu gani kiliingia siku ile ao siku moja mbele yake? Kama hakuna anayekijua, kiondoe («Désinstaller»). Kisha fungua Chrome, fasi ya «Extensions», na uondoe kila kitu ambacho hamukuweka ninyi.

Kupima nyumba nzima. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows iko na antivirusi yake ndani, bila kulipa. Tafuta «Sécurité Windows», kisha «Protection contre les virus et menaces», na uchague «Analyse complète». Inaweza kukamata saa mingi. Ianze asubui wakati jua linapanda, si jioni wakati batri iko karibu kuisha. Antivirusi mbili ndani ya ordinatere moja zinapigana. Na antivirusi ya kulipa iliyovunjwa kufuli, ile inayouzwa kwa flashi sokoni, ni sawa na dawa ya kakao iliyojazwa maji: munalipa, na ugonjwa unabaki.

5. FLASHI NI KAMA MUPANGA

Huku kwetu, fasi intaneti iko kidogo, virusi vinapita sana kwa flashi, ile tunaita kle. Wazee wanakumbuka trakeomikoze iliyomaliza robusta katika miaka ya 1990. Kuvu ile inaingia kupitia kidonda cha muti, na mara nyingi ni mupanga wenyewe ndio uliibeba. Mutu alipalilia kwa jirani, akarudi kupalilia kwake na mupanga ule ule, na kisha miezi kidogo kahawa zake zilianza kukauka upande mumoja. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anafanya kazi.

Flashi inafanya vile vile. Inaingia kwenye ordinatere ya sibere mujini Beni kwa kuchapisha ripoti, inarudi na virusi, na inakuja kuvipandisha kwenye ordinatere ya koperative. Dalili moja inayoonekana sana: mukifungua flashi, dosie zenu zimegeuka njia za mukato («raccourcis»), na ukiibonyeza unaitia virusi nguvu. Faili zenu mara nyingi bado ziko, zimefichwa tu. Musifute flashi kwa haraka. Pelekeni kwa mutu anayejua kuzifunua.

Kanuni zetu za flashi ni hizi:

– Koperative iwe na flashi mbili zenye alama. Moja ni ya kusafiri: inaenda sibere na kwa wageni. Nyingine ni ya kopi: haitoki hata siku moja kwenda kwa ordinatere nyingine.
– Kila flashi inayoingia ipimwe kwanza: bonyeza juu yake na kitufe cha kuume cha suri, kisha uchague kuipima na Microsoft Defender.
– Hakuna flashi inayosamehewa. Kati ya mwezi wa 8, 2018 na mwezi wa 6, 2020, wakati wa Ebola, tulinawa mikono kwenye kila bariere, na hakuna aliyesema «mimi ni prezidenti, mimi ni agronome». Flashi ya agronome vilevile inapimwa.

6. KUFULI NNE ZA NYUMBA

Kufuli ya kwanza: Windows inayopata matengenezo. Tarehe 12 mwezi wa 5, 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry vilifunga ordinatere katika inchi zaidi ya 150, na kuomba dola 300 kwa kila moja ili mwenyewe apate faili zake. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa. Lakini dawa ya tundu lile ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu mwezi wa 3, miezi mbili mbele. Walioumia ni wale ambao hawakuiweka, ao walikuwa na Windows ya zamani.

Kwa hiyo ulizeni ordinatere yenu iko na Windows gani. Windows 7 haipate tena matengenezo tangu tarehe 14 mwezi wa 1, 2020. Windows 10 ilifika mwisho wa kipindi chake cha kawaida tarehe 14 mwezi wa 10, 2025. Mukinunua ordinatere iliyotumiwa, Butembo ao Kampala, swali hilo liulizwe mbele ya bei. Kama mashine ni ya zamani na haiwezi Windows mupya, fundi anaweza kuweka Linux, ambayo ni ya bure na inatosha kwa kuandika liste na hesabu. Na mujihazari na Windows iliyovunjwa kufuli: programu ya kuvunjia mara nyingi inaanza kwa kuzima antivirusi.

Tunajua mutauliza: «Na mega?» Ni kweli, matengenezo yanakula mega sana. Dawa ni hii: kwenye ile intaneti ya simu, chagua «Connexion limitée», ili Windows isikule yote kwa siku moja. Kisha, mara moja kwa mwezi, wakati sekretere anaenda mujini kwa kazi zingine, aende na ordinatere fasi kuna intaneti ya kutosha, aondoe ile alama, na aache matengenezo yaingie yote. Feza hizo ziandikwe kwenye bajeti, sawa vile munaandika feza za kutengeneza balanse.

Kufuli ya pili: kila mutu na konti yake. Ndani ya Windows munaweza kufungua konti mbalimbali. Konti kubwa («Administrateur») ni ya kuweka na kuondoa programu tu. Sekretere afanye kazi ya kila siku kwenye konti ndogo, na watoto wa nyumba wawe na yao, bila kuona dosie za koperative. Hapo, mutoto akijaribu kuweka mchezo, mara nyingi Windows itaomba neno la siri la konti kubwa. Hatusemi watoto wakatazwe. Ordinatere nyumbani ni masomo pia. Tunasema wawe na chumba chao.

Kufuli ya tatu: neno la siri. Wale walio ndani ya AVEC wanajua sanduku lenye kufuli tatu, na funguo kwa watu tatu. Neno la siri la konti kubwa liwekwe ndani ya bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi, kwa kesiye, si kwa sekretere. Muchague maneno mane yasiyofuatana, yanayokumbukwa kwa Kiswahili ao kwa Kinande, kuliko 123456 ao jina la koperative.

Kufuli ya ine: kufunga faili lenyewe. Liste ya memba na pointi za GPS iwe na neno lake la siri. Ndani ya Excel: «Fichier», «Informations», «Protéger le classeur», «Chiffrer avec mot de passe». Hapo, hata ordinatere ikiibiwa ao ikibaki nyuma siku ya kukimbia, mwenye kuiokota hatasoma majina kwa urahisi. Lakini mukumbuke: neno hilo likipotea, Microsoft haitawafungulia. Nalo liende ndani ya bahasha.

7. KOPI: MBEGU YA MSIMU UJAO

Hakuna mulimaji anayekula mbegu zote. Kopi ni mbegu. Kila siku ya Posho, kisha kazi ya depo, sekretere atie faili mupya kwenye flashi ya kopi, aitoe, na aipatie kesiye. Flashi ile isilale nyumba moja na ordinatere, kwa sababu mwizi, moto, na mvua vinachukua vyote pamoja. Tena isibaki imechomekwa: virusi kama WannaCry vinaweza kufunga kila kitu vinachokuta kimechomekwa. Na kaye ya karatasi isiachwe. Mwisho wa mwezi, mujaribu kufungua kopi kwenye ordinatere. Kopi isiyojaribiwa ni kama mbegu isiyojaribiwa kuota.

8. KAMA MUTU AMEKWISHA KUBONYEZA

Alibonyeza tu, ukurasa ukafunguka: fungeni, angalieni notifikasyo, na mupime nyumba nzima kama tulivyoeleza kwenye sehemu ya 4.

Aliweka programu, ao alimuruhusu mutu kuingia kutoka mbali: kateni intaneti mara moja. Ondoeni programu ile, mupime, kisha mubadilishe maneno yote ya siri kwa kutumia ordinatere nyingine ao simu, si ile. Mbele ya kurudi kwenye intaneti, fundi aiangalie.

Alitoa kode ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money: badilisha kode palepale, kisha ongea na kampuni ya simu kwa namba yake inayojulikana. Musitumie namba iliyo kwenye ujumbe.

Kulikuja ujumbe kwamba konti ya munuzi ao ya benki imebadilika: musilipe wala kupeleka muzigo mbele ya kusikia sauti ya mutu munayemujua, kwa namba munayoijua tangu zamani.

Liste ya memba imetoka: memba wajulishwe. Ni haki yao, ili kila mumoja ajilinde. Kode ya numeriki ya Kongo, Ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, inalinda habari za watu na inaazibu wanaoingia ndani ya ordinatere za wengine bila ruhusa. Munaweza kupeleka mashtaka, na zile picha za ekrani na kaye ya hatua ya 5 zitakuwa ushahidi.

Kuna jambo moja tunaomba komite zikubaliane mbele ya siku mbaya: mutu anayesema siku hiyo hiyo asilipishwe wala asitukanwe. Tukimulipisha sekretere kwa sababu alibonyeza, mwingine atakayebonyeza kesho atanyamaza wiki tatu. Na ndani ya wiki tatu hizo liste itakuwa imeenda mbali. Ujumbe wa uongo unaishi kwa woga mara mbili: woga wa kubonyeza haraka, na haya ya kusema kisha kubonyeza. Wa kwanza tunaushinda kwa kuondoa mukono. Wa pili unashindwa na mukutano, si na fundi.

9. KAZI YA MWEZI HUU

Kila koperative ifanye mambo ine haya mbele ya gazeti linalofuata:

1. Kubandika hatua tano karibu na ordinatere.
2. Kuondoa ruhusa za notifikasyo kwenye ordinatere na kwenye simu za komite.
3. Kufungua konti tatu: kubwa, ya sekretere, ya nyumba.
4. Kufanya kopi ya kwanza na kumukabizi kesiye mbele ya watu wawili.

Na sisi wa huduma ya kilimo tunasema wazi: hatutawaomba neno la siri ao kode ya feza kwa ujumbe wala kwa simu. Mutu akiwaomba kwa jina letu, jibu ni kukata simu na kumungojea agronome wenu afike kwa miguu yake.

MASWALI YA KUZUNGUMUZIA KWENYE MUKUTANO

– Ndani ya ordinatere yetu kuna habari gani ambazo hatungependa zisomwe na mutu wa inje?
– Nani anaitumia muchana, na nani mangaribi? Kila mumoja iko na konti yake?
– Kama tungelazimika kuacha kijiji usiku huu, kopi ya liste iko kwa nani, na inaweza kufunguliwa na nani?
– Siku ya mwisho ujumbe uliporuka kwenye ekrani, mukono wetu ulifanya nini?

Mutuletee majibu kwenye kikao cha mwezi ujao. Na mukija, mulete pia ile flashi ya kusafiri. Tutaipima pamoja, kuanzia na yetu.